Samaki si ulishawapima? Kinachoendelea mtafiti akishatoka Nyumba ya Mungu

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili akirudi Moshi au Arusha kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, madaftari yamelowa na kukauka hadi kurasa zimekunjamana, nyumbani hukutana na swali moja: samaki si ulishawapima, sasa unamaliza lini? Ni swali la haki. Mtoto aliondoka na mizani na ubao wa kupimia, akashinda mwaloni, pale mitumbwi inapotua na samaki, kwenye jua na vumbi, akarudi na maelfu ya vipimo. Kwa anayetazama kwa nje, kazi imeisha na kilichobaki ni kuandika.

Jibu ni kwamba alichopima ni mavuno, wakati swali lake linahusu bwawa. Katikati ya mavuno na bwawa kuna wavu, kuna mvuvi aliyechagua pa kuutega, kuna mchuuzi aliyewahi samaki wakubwa kabla mtumbwi haujafungwa, na kuna maji yanayopanda na kushuka. Kila kimoja kimeacha alama yake daftarini. Ile miezi ambayo ndugu wanaiona ni ya kukaa tu mbele ya kompyuta ndiyo miezi ya kuzisaka alama hizo na kuzitenga na habari za samaki wenyewe.

Kwanza bwawa. Nyumba ya Mungu liko kusini mwa Moshi, pale Kikuletwa inayoteremka na maji ya Meru na Kilimanjaro inapokutana na Ruvu inayotoka Ziwa Jipe. Lilijengwa miaka ya 1960. Lina mtambo wa umeme wa megawati 8, na maji yakishapita hapo hufuata Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya Hale, megawati 21, na Maporomoko ya Pangani, megawati 68. Uvuvi ulikuja baada ya hayo yote. Na kama ilivyo kwa mabwawa mengi mapya, miaka ya mwanzo ilikuwa ya neema: nyasi na udongo uliofunikwa na maji huachia rutuba, samaki huzaliana kwa fujo, wavuvi husikia na kuja kutoka mbali. Baadaye rutuba ile huisha na mavuno hushuka, hata kama hakuna aliyevua vibaya. Mzee wa mwaloni anaposema zamani samaki walijaa, anasema kweli, ila kipindi anachokikumbuka hakikuwa cha kudumu. Mtafiti akikifanya kuwa kipimo chake cha afya ya bwawa, kila mwaka utaonekana mbaya.

Sasa wavu, ambao ndio mwongo mkubwa kuliko wote.

Wavu wa kutega una macho ya ukubwa mmoja. Samaki mdogo anapita. Mkubwa mno anagonga pua na kurudi. Anayenasa ni yule ambaye kichwa kimeingia na kiwiliwili kimegoma. Mwanafunzi akichora grafu ya urefu wa perege wote walionaswa na wavu wa inchi tatu anapata kilima kizuri chenye kilele katikati, na kishawishi ni kuandika kwamba perege wengi wa bwawani wana urefu huo. Kumbe kilele kile ni cha wavu. Mrusi Baranov alilieleza jambo hili tangu 1914: kwa samaki wa umbo lilelile, urefu unaonaswa vizuri zaidi hukua kwa uwiano uleule na ukubwa wa jicho. Kama wavu wa inchi 3 unanasa vizuri zaidi perege wa sentimita 20, wa inchi 4 utanasa vizuri zaidi wa sentimita 26 au 27. Bwawa ni lilelile, wavu ndio umebadilika.

Njia ya kulirekebisha hili ipo. Unachukua mavuno ya nyavu mbili au zaidi zilizotegwa pamoja, unaangalia urefu ambao zote mbili zinaukamata, na kutokana na tofauti zao unakadiria uwezekano wa samaki wa kila urefu kunaswa. Kisha unagawanya. Kama wavu hunasa mmoja katika kila wanne wa urefu fulani, kila mmoja uliyempata anasimama badala ya wanne. Hesabu ni rahisi mpaka unapofika pembeni mwa kilima, ambako uwezekano ni mdogo sana. Hapo perege watatu wakubwa walionaswa kwa kubahatisha wanaweza kugeuka mia kadhaa kwenye karatasi. Wapi pa kukata? Hakuna mlinganyo unaokuambia. Ni uamuzi, na uamuzi mzuri ni ule ulioandikwa kwenye tasnifu ili msomaji aupinge akitaka.

Lakini haya yote yanawezekana tu kama kila samaki aliandikwa pamoja na wavu uliomleta. Mwaloni samaki wa nyavu tofauti humwagwa kwenye ndoo moja, kwa sababu mvuvi ana haraka na mama wachuuzi wanasubiri. Kama hukuwepo wakati wa kuwatoa kwenye nyavu, umeupoteza ukweli huo na hakuna programu itakayokurudishia. Nionavyo mimi, hapa ndipo tafiti nyingi za uvuvi hufia, ingawa kifo chenyewe hugundulika miezi baadaye, mwanafunzi akiwa chuoni Tengeru anajiuliza kwa nini safu ya "ukubwa wa jicho" ina mapengo.

Kuna na shida ambayo madarasani haitajwi sana. Mvuvi anayetumia nyavu za macho madogo au kokoro, wavu wa kukokota, anajua ni kosa. Mgeni mwenye daftari na fulana safi anafanana mno na afisa uvuvi. Akiulizwa inchi ngapi, atajibu ile inayoruhusiwa. Kisha takwimu zinamsuta: wavu wa "inchi tatu" umeleta perege wadogo wasioweza kunasa humo. Mtafiti sasa ana mambo mawili mkononi. La kwanza ni la kitaalamu: kipimo hicho aking'oe, akiache, au akiweke kundi la peke yake? La pili ni la kiutu: akichora ramani inayoonyesha mwalo gani una samaki wadogo zaidi, amechora pia ramani ya doria. Wavuvi walimpa samaki wao bure kwa kumwamini. Mimi ningeficha majina ya mialo kwa namba, hata kama ramani itapungua uzuri.

Mambo mengine ya usafi wa takwimu ni mepesi na hayahitaji falsafa. Angalia tarakimu za mwisho: urefu mwingi ukiishia 0 na 5, mpimaji alikuwa anakadiria. Angalia kama urefu wote hadi ncha ya mkia umechanganywa na urefu bila mkia. Chora urefu dhidi ya uzito; perege wa sentimita 18 mwenye kilo mbili amewekewa nukta ya desimali pasipo pake.

Zito zaidi ni jina lenyewe. Daftari limeandika "perege" ukurasa baada ya ukurasa, na sokoni Mbuyuni neno hilo linatosha kabisa. Kwenye utafiti halitoshi. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili: Oreochromis jipe na Oreochromis pangani, waliopewa majina ya kisayansi na Rosemary Lowe mwaka 1955, na Ziwa Chala lina wake, Oreochromis hunteri. Juu yao wamepandikizwa wageni: ngege wa Ziwa Viktoria, yaani Oreochromis esculentus, kisha sato na wengine. Perege wa jamii hizi huzaliana wao kwa wao, na chotara anaweza kuwa na mapezi ya huyu na rangi ya yule. Ukiwachanganya wote kwenye hesabu moja ya ukuaji unapata perege wa wastani ambaye hayumo bwawani.

Ndiyo maana kipande kidogo cha pezi huwekwa kwenye ethanoli kwa ajili ya vinasaba. Na ndiyo maana chupa uliyoichagua ukiwa ufukweni inaamua utakachoweza kuuliza ukiwa maabara. Formalini hulinda umbo la samaki na chakula kilichomo tumboni, lakini huharibu vinasaba, na isipopunguzwa ukali wake wa tindikali hula mawe madogo ya sikio ambayo ungeyahitaji kujua umri. Samaki aliyezama mzima kwenye formalini amejibu maswali mawili na kukataa mengine mawili.

Mawe hayo ya sikio nayo yana hadithi yake. Kwenye nchi za baridi samaki husimama kukua wakati wa majira ya baridi, na jiwe huweka pete moja kila mwaka. Unahesabu kama unavyohesabu pete za mti. Huku kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Pete zipo, ila zinaweza kutokana na kiangazi, kuzaa, njaa au maji kushuka, na kabla ya kuzihesabu kama miaka unapaswa kuthibitisha zinawekwa mara ngapi. Wanafunzi wengi wa uzamili hawana muda wala fedha za uthibitisho huo. Wanarudi kwenye urefu.

Wazo ni hili: samaki waliozaliwa pamoja hukua pamoja, hivyo kwenye grafu ya mwezi huu wataonekana kama kilima, na mwezi ujao kilima kitakuwa kimesogea kulia. Ukifuatilia vilima unapata kasi ya ukuaji, ambayo huingizwa kwenye mlinganyo wa von Bertalanffy wa 1938. Mlinganyo una namba kuu mbili: urefu ambao samaki angeufikia kama angeishi bila kikomo, na kasi ya kuukaribia, inayoandikwa K. Mwaka 1981 Daniel Pauly na N. David walitoa utaratibu wa kompyuta unaozitafuta namba hizo kutoka kwenye vipimo vya urefu pekee, uitwao ELEFAN. Leo mwanafunzi anaufanya kwenye programu ya R, bila malipo, kwa kompyuta ya kawaida.

Tatizo la urahisi huo ni kwamba kompyuta haikosi jibu. Perege huzaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo vilima hupandana mpaka havitofautiani. Madume hukua kuliko majike, hivyo kundi moja linaweza kutoa vilima viwili ambavyo umri wake ni mmoja. Na zile namba mbili hufidiana: urefu wa mwisho ukiwa mkubwa na K ikiwa ndogo, mstari unaopatikana unakaribia kufanana na ule wa urefu mdogo na K kubwa. Kompyuta itachagua jozi moja na kuipa nafasi ya kwanza kwa tofauti ndogo mno. Msimamizi mzuri hamuulizi mwanafunzi jibu lake ni lipi; anamuuliza jozi ngapi nyingine zilikaribia.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu namba hizo hazikai peke yake. Zinakwenda kwenye hesabu ya vifo, na hesabu ya vifo ndiyo inayotoa hukumu kwamba bwawa limevuliwa kupita kiasi.

Chukua mfano wa kubuni. Kutokana na jinsi samaki wanavyopungua kutoka urefu mmoja hadi mwingine, mwanafunzi anapata kiwango cha vifo vyote cha 2.0 kwa mwaka (si asilimia bali kipeo: wanaobaki ni e⁻², karibu 0.135), maana yake kati ya perege mia moja walio hai leo, kumi na watatu au kumi na wanne tu watakuwepo mwakani. Ndani ya vifo hivyo wamo walioliwa na kambale na ndege, waliokufa kwa ugonjwa au uzee, na waliovuliwa. Fungu la vifo vya asili halipimwi moja kwa moja. Hukadiriwa kwa fomyula. Iliyozoeleka ni ya Pauly ya 1980, iliyotengenezwa kutokana na takwimu za makundi 175 ya samaki wa sehemu mbalimbali duniani, na inahitaji zile namba mbili za ukuaji pamoja na joto la maji. Ziko fomyula nyingine pia, na hazikubaliani.

Sema moja inampa vifo vya asili 0.9. Basi uvuvi umebaki na 1.1, sawa na asilimia 55 ya vifo vyote. Nyingine inampa 1.1. Uvuvi umebaki na 0.9, asilimia 45. Sasa kumbuka kanuni iliyoachwa na mtaalamu wa uvuvi John Gulland tangu 1971, kwamba uvuvi ukizidi nusu ya vifo vyote samaki wanazidiwa. Kwa fomyula ya kwanza bwawa limezidiwa. Kwa ya pili bado lina nafasi. Samaki ni walewale, na madaftari ni yaleyale. Ripoti ya kwanza inaweza kuishia kwenye pendekezo la kufunga bwawa, na familia zinazoishi kwa mtumbwi mmoja zitatafuta pa kwenda. Ripoti ya pili haitamgusa mtu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "asilimia 55" bila kusema namba hiyo ingeweza kushuka hadi wapi ameficha kitu, hata kama hakukusudia.

Na bado hatujagusa maji. Bwawa linaposhuka wakati wa kiangazi eneo lake hupungua, samaki hubanana, na wavu uleule unaleta samaki wengi zaidi kwa usiku mmoja. Mavuno kwa mtumbwi, ambayo ndiyo kipimo rahisi cha wingi wa samaki, yanapanda wakati samaki hawajaongezeka hata mmoja. Wavuvi nao si wajinga, wanafuata samaki mahali wanapokusanyika, kwa hiyo mavuno yanaweza kuonekana imara kwa muda mrefu huku samaki wakipungua, hadi siku yanapoporomoka kwa ghafla. Dawa yake ni kuweka kina cha maji cha kila siku karibu na mavuno ya siku hiyo. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko Moshi mjini, na safari ya kwenda kuomba rekodi za kina inaweza kuufaa utafiti kuliko mwezi mwingine wa kupima samaki.

Siku ambazo hakuna kipimo nazo zinasema. Upepo ulipovuma mitumbwi haikutoka, na mtafiti akapumzika. Siku za soko mitumbwi ilijaa, na mtafiti akafanya kazi mpaka jioni. Daftari lake lina siku nzuri nyingi kuliko kalenda ya bwawa. Akizidisha wastani wa siku hizo kwa siku za mwaka mzima, anavuna samaki ambao hawakuvuliwa.

Baada ya hayo yote unabaki mkutano. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 iko, kanuni zake ziko, na mialo mingi ina vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa mwalo, BMU. Mtafiti akirudi kutoa matokeo, hawatamuuliza kuhusu K. Watamuuliza: tutege inchi ngapi?

Swali hilo lina historia ndefu katika nchi yetu. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alifanya uchunguzi wa Ziwa Viktoria na kupendekeza nyavu za ngege zisiwe chini ya inchi 5. Sheria ikafuata. Lakini ngege waliposhuka, nyavu za inchi 5 zilileta kidogo, wavuvi wakahamia macho madogo, na miaka ya 1950 usimamizi wa kanuni ile ulilegezwa. Baadaye wakaja sangara na sato, na ngege karibu apotee katika ziwa lenyewe. Ni ajabu kidogo kwamba leo mtu anayetaka kumwona anaweza kumpata huku Nyumba ya Mungu, alikoletwa kama mgeni.

Kwa perege wa leo, mtafiti ana kitu kimoja anachoweza kukisema kwa uhakika wa kutosha: urefu ambao nusu ya majike wameshapevuka. Anaupata kwa kupasua na kukagua ovari. Mayai yaliyo mdomoni hayafai kwa kazi hiyo, kwani perege hawa hubeba mayai mdomoni, na jike akishtuliwa na wavu huyatema. Urefu huo ukiunganishwa na hesabu ya wavu unatoa inchi. Hata hivyo kuna mtego. Perege waliobanwa, kwa uvuvi au kwa maji machache, hupevuka wakiwa wadogo zaidi. Kanuni ikiwekwa kwa kipimo cha mwaka huu peke yake, inahalalisha udumavu ambao tayari umeshatokea. Inafaa kutafuta vipimo vya zamani kwenye ripoti zilizokaa makabatini na kuvilinganisha kabla ya kutaja inchi yoyote.

Mtafiti anayesema "kwa nyavu za inchi hii, wengi mnaowavua hawajazaa hata mara moja" ana ushahidi mkononi, na wavuvi huelewa mara moja kwa sababu wamewapasua samaki hao wenyewe. Akiendelea hadi "bwawa limezidiwa", ataje kati ya ngapi na ngapi, na kwa nini. Atarajie pia kuulizwa mbona haongelei maji, kwa maana perege hutengeneza viota kwenye kina kifupi pembezoni, na maji yakishushwa haraka viota hubaki nchi kavu. Kwenye hilo BMU haina sauti, na afisa uvuvi hana funguo za malango ya bwawa. Takwimu za mavuno na za kina zikiwa jedwali moja, tasnifu hiyo inaweza angalau kupelekwa kwenye ofisi nyingine tofauti na ile iliyozoea kuipokea.